Alama ya Jeki

Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi, mwuza maziwa aliyekuwa akisukuma baiskeli kupanda mlima alikuta gari dogo jekundu limepinduka mtaroni, magurudumu juu, na tairi la nyuma kulia limepasuka. Aliinama kuchungulia ndani. Alichokiona kilimfanya aitupe baiskeli na maziwa yote, na polisi walipofika hawakuweza kumtoa neno jingine zaidi ya "ameshakufa, ameshakufa."

Dereva alijulikana mji mzima kwa jina la Kona, kwa kuwa hapakuwa na kona iliyomshinda. Alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa njiani kwenda kwenye mashindano ya magari. Watu walipigwa na butwaa. Angekufa kwa malaria wangeelewa, lakini kufia kwenye kona aliyoipita kila siku, mchana kweupe, barabara kavu? Hapana, hilo lilikataa kuingia akilini.

Inspekta aliyekabidhiwa kesi alikuwa mwanamke mwembamba asiyejua kuendesha gari, wala hakuona haya kulisema hilo. Saa nne gari lilipofikishwa kwenye uwanja wa kituo, likasimamishwa juu ya matofali, alijilaza chali chini yake na tochi. Mtu yeyote angekiona kilichokuwa pale. Nyuma ya gari kulikuwa na chuma kirefu kipya, kile kinachozuia gari kulala likikata kona, ambacho mafundi hukiita stebilaiza. Upande wa kushoto kilikuwa kimefungwa imara. Upande wa kulia, linki inayokiunganisha na gurudumu ilikuwa inaning'inia bila nati, na ncha yake ndiyo iliyochana tairi kwa ndani.

Kabla ya adhuhuri fundi aliyekifunga chuma hicho alikuwa mahabusu.

"Ulikifunga lini?" Inspekta alimuuliza.

"Alhamisi, afande. Nilitoa stebilaiza ya zamani nikaweka nene zaidi. Bushi za mpira, zile zinazokishikilia chuma, zilikuwa zimechoka, nikaweka za plastiki ngumu. Saa kumi na moja jioni akaondoka nalo."

"Na nati ukasahau kuikaza."

"Sikusahau!" Fundi alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na machozi yalikuwa karibu. "Nati ile ina nailoni ndani, haitoki bila spana. Na nikishakaza ya mwisho huwa napiga mstari wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Sipigi mstari kabla ya kukaza. Miaka thelathini sijapiga."

Inspekta alikumbuka kuiona rangi hiyo. Nati tatu zilikuwa na mstari mzima. Pale pa nne ulibaki nusu mstari kwenye chuma, na nusu ya pili ilikwenda na nati. Lakini mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari za rangi. Alisema Jumatatu asubuhi fundi anapelekwa mahakamani kwa kuua kwa uzembe, na gereji yake ifungwe.

Saa tisa Inspekta alikuwa sebuleni kwa Mama Kona. Marehemu alikuwa mwanawe wa pekee, na waliishi wawili tu katika nyumba yenye geti la chuma. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu baba wa familia kando ya lori lake, na pembeni yake mkewe akiwa kijana, kavaa ovaroli, kashika wenzo wa jeki, anacheka.

"Tulisafiri naye miaka sita," Mama Kona alisema alipoona mgeni anaitazama. "Hakuwa na utingo. Utingo nilikuwa mimi. Ajali ilimkuta safari niliyobaki nyumbani kujifungua." Kisha uso ukabadilika. "Huyo fundi mmemfunga? Ameniulia mwanangu, aozee humo humo."

"Nani mwingine aliligusa gari, mama?"

"Chui alikuja Ijumaa jioni. Mshindani wake. Walilala chini ya gari kama watoto."

Basi Inspekta akamwendea Chui. Jitu lenye mabega mapana, na kila mashindano alikuwa wa pili nyuma ya Kona. Sababu alikuwa nayo na nafasi alikuwa nayo. Kwa dakika kumi nzima Inspekta aliamini kazi imekwisha.

"Ulifanya nini chini ya gari la Kona?"

"Kuona wivu tu, afande," Chui alisema, sauti ikakatika. "Alitaka nione stebilaiza mpya. Nikaipiga picha nikatengeneze kama hiyo." Alitoa simu. Picha ilipigwa Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Nati ya kulia ilikuwa mahali pake, na mstari wa njano ulikuwa mzima, haujakatika hata kidogo. "Kisha nikaenda zangu. Kona mwenyewe alifunga geti nyuma yangu."

Inspekta alirudi kituoni ameduwaa. Fundi alikaza, hilo sasa lilikuwa wazi. Aliyelegeza alilegeza baada ya geti kufungwa. Akaamuru fundi atolewe, akaenda naye uwanjani, pingu mkononi.

"Niambie unachokiona. Usinifiche kitu."

Fundi aliingia chini ya gari. Alipapasa chuma kwa vidole.

"Hizi nyuzi za bolti zimekwaruzwa upande mmoja," alisema hatimaye. "Aliyefungua aliinua gurudumu moja peke yake. Ukifanya hivyo stebilaiza inajipinda, inaivuta bolti. Mimi huinua pande zote mbili, nati inatoka bila shida." Akanyoosha kidole. "Halafu ona hapa, kwenye mkono wa chuma ulioshika gurudumu. Alama ya jeki. Mbichi, kwa sababu niliusafisha mkono huu Alhamisi. Nani anaweka jeki hapa? Gari dogo lina sehemu zake ubavuni, hata Chui anazijua. Kuweka jeki chini kabisa, karibu na gurudumu, ni mazoea ya watu wa malori."

Tochi ilimponyoka Inspekta.

Jumapili, saa mbili asubuhi, alimkuta Mama Kona ameketi chini ya ile picha. Hakuzungusha maneno.

"Mama, jeki uliiweka chini ya mkono wa gurudumu."

Inspekta aliomba moyoni mwanamke yule akasirike, amtukane, amfukuze. Hakufanya hivyo.

"Baba yake ndivyo alivyonifundisha," alisema.

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja alfajiri, akiwa anaoga. Sikuitoa nati, mwanangu. Niliilegeza mpaka karibu na mwisho. Nilitaka igonge tu! Kona akisikia kitu kinagonga husimama papo hapo, hata kama ni sarafu kwenye droo. Nilijua atarudi, atashinda chini ya gari siku nzima, mashindano yatampita. Siku moja tu. Nilikuwa nimeota vibaya."

"Na fundi? Ulisema aozee."

"Nilitaka iwe ni yeye." Aliinua macho kuitazama picha. "Nilijiambia labda ni kitu kingine, labda fundi alikosea mahali. Maana ile nati lazima iligonga. Iligonga, nina hakika. Kwa nini hakusimama?"

Inspekta alimshika mkono, wakatoka.

Kituoni alimketisha kwenye benchi la ukumbini akaenda kumfungulia fundi. Fundi alipoambiwa ni nani, alisema "hapana" mara tatu. Alipita ukumbini akiwa ameshika mkanda wake na viatu, na Mama Kona akainuka, akamziba njia.

"Nimekukosea, fundi. Utanisamehe au hutanisamehe, ni haki yako. Ila wewe unayajua magari. Lilikuwa linagonga. Kwa nini mwanangu hakusimama?"

Fundi alikuwa mtu asiyejua kusema uongo. Inspekta aliona jibu likimfikia usoni, akataka kumzuia, akachelewa.

"Bushi zile ngumu," fundi alisema polepole, "zikiwa mpya hugonga siku za mwanzo, mpaka zikae. Nilimwambia akizisikia asihangaike. Nilimwambia... nilimwambia aendelee tu."

Kiatu kimoja kilimtoka mkononi. Hakuna aliyekiokota.

"Kwa hiyo aliisikia," Mama Kona alisema.

"Mama, kaa chini," Inspekta alisema.

"Njia nzima aliisikia." Alikaa, akaweka mikono magotini, akamwangalia Inspekta kwa macho makavu. "Lete karatasi, mwanangu. Na huyu baba mwache aende nyumbani kwake. Andika kwamba aliisikia."