Gia za Boti ya Hombolo

Mehboob, rafiki yangu aliyekuwa fundi wa injini pale Dodoma, si mtu wa porojo. Mwaka 1959, enzi ya Mwingereza, aliitwa bwawani Hombolo kubadilisha gia za injini ya boti. Boti ilikuwa moja tu, ya mwenyeji mmoja aitwaye Kefa, na mama yake Kefa alikuwa mgonjwa ng'ambo ya bwawa, akisubiri kuvushwa.

Upepo wa vumbi ulivuma kwa nguvu, wakaiacha boti nje juu ya mawe, wakaingiza injini katika banda la mabati, wakafunga mlango na kuwasha kandili. Mehboob aliketi juu ya gunia, akafungua sehemu ya chini ya injini, kule linapozungukia panga la kusukuma maji, akatoa gia zilizolika meno. Alipokuwa akipachika mpya, wakasikia mngurumo wa injini majini, ukija.

"Kuna boti nyingine?"

"Hakuna, fundi. Injini ni hiyo uliyoishika."

Mngurumo ulifika ukingoni ukazimika. Kisha kitu kizito kikaburutwa juu ya kokoto, polepole, hadi mlangoni.

"Mama?" Kefa aliita.

Aliinuka afungue, Mehboob akamshika mkono.

Upepo ulipotulia, walifungua. Hapakuwa na mtu, na boti ya Kefa ilikuwa palepale juu ya mawe, kavu. Mehboob aligeuka kuchukua spana zake, na kwa mwanga wa mlangoni akauona mchirizi mpana wa boti iliyoburutwa, ungali na maji. Ulitoka bwawani, ukapita chini ya mlango, ukaishia kwenye gunia alilokuwa amekalia.