Stempu Nne za Mto Kiwira

SAA NNE ASUBUHI. Mpuguso, chumba cha nyuma cha kilabu cha pombe.

Gidion alitandaza ramani juu ya kreti la bia.

"Mzee Ambilikile wa Kisondela. Mwalimu mstaafu, anakusanya stempu zenye picha za mito. Tunataka nne tu, zimeshikana. Mto Kiwira. Kiwandani walikosea, mto ukachapwa juu chini. Kuna tajiri Dar anatoa bei ya ghorofa."

Baraka, mwendesha pikipiki, alicheka. "Kwa vikaratasi?"

"Kausha wewe. Enosi, dada yako vipi?"

"Atuganile anampikia mzee. Leo kuna mazishi kijijini, wote watakuwa msibani. Mlango wa jikoni ataurudishia tu."

Enosi akaenda kujisaidia. Choo cha kilabu ni cha mabanzi, na mabanzi hayajui kutunza siri. Alimsikia Baraka akiuliza, "Na huyo dada?"

"Jioni anakuja hapa kuchukua mgao wake," Gidion alijibu. "Hatoki."

Enosi ndiye aliyemwingiza dada yake kwenye msala huu. Akimwonya leo, Gidion atamwinda kesho, na Gidion ana bastola. Alirudi akakaa kwenye kiti chake.

"Mzigo unakaa ndani ya mikungu ya ndizi," Gidion aliendelea. "Tunakata hapohapo kwa mzee. Rungwe hii, nani amsimamishe mtu wa ndizi?"

Masikini Gidion. Alizaliwa Mbeya mjini, ndizi alizijulia sahanini. Baraka naye ni wa kuja. Hawakujua kwamba Kisondela, maiti ikiwa bado haijazikwa, hakuna anayegusa shamba. Anayevuna siku hiyo amewatukana wafiwa. Enosi alilijua hilo tangu mgongoni kwa mama yake. Alifungua mdomo aseme, kisha akaufunga.

"Safi kabisa, kaka," alisema.

SAA NANE MCHANA. Kisondela.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa. Gidion alifunua albamu ya mzee, mito ukurasa kwa ukurasa, mpaka akazipata. Maji ya Kiwira yalipita juu, mawingu yakalala chini.

Nje, panga la Baraka lilipiga mgomba. Kijiji kizima kilikuwa kimya, isipokuwa nyimbo za maziko kutoka upande wa pili wa bonde. Lilipiga tena. Enosi alitamani wasikie, na papo hapo akaogopa kwamba wamesikia.

SAA TISA KASORO. Njia panda.

Walipanda pikipiki mshikaki, mikungu mitatu imefungwa pembeni. Kwenye kona walikuta wachimba kaburi, majembe mikononi, udongo hadi magotini. Mbele yao alisimama balozi wa kijiji.

"Zima pikipiki."

"Tunawahi soko, mzee wangu," Gidion alisema.

"Soko? Mwenzetu hajazikwa, nyie mnakata ndizi? Shusheni. Zitapikwa msibani, na faini juu."

Vijana walishusha mikungu wenyewe. Bahasha ya nailoni ikateleza, ikaanguka kwenye tope. Balozi aliinama, akaipangusa kwa kidole.

"Hizi si stempu za mwalimu?"

Baraka alianza kurudi nyuma, akapigwa mtama. Balozi alimgeukia Enosi, na usoni mwake kulikuwa na masikitiko zaidi kuliko hasira.

"Enosi, mwanangu. Wewe ni wa hapa. Hukuwaambia wenzako?"

Gidion aligeuka taratibu, mkono ukiingia kiunoni.

"Ulijua?"

Nyuma ya wachimba kaburi, wanawake walikuwa wanapanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Atuganile alikuwa wa tatu. Enosi aliogopa kufa, aliogopa sana, lakini alisogea akasimama kati ya bastola na njia ya wanawake.

"Nilijua."

Bastola ililia mara moja tu, kisha majembe yakamshukia Gidion. Enosi alikuwa chini tayari. Atuganile alitupa ndoo, akaja mbio akimwita kwa jina. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo, na Enosi alimtazama hivyohivyo mpaka macho yakakataa.