Maji Yaliyopanda Mlima

Haya yalimpata mjomba wangu Theuri, kiangazi cha mwaka wa tisini na saba. Alilima kabichi juu ya Kiganjo, karibu na msitu, na shamba lilinyweshwa na kijito cha Kairu. Asubuhi moja Kairu ilikuja nyembamba kama uzi. Theuri akavaa sweta, akachukua panga, akampitia jirani yake Ngatia, wakapanda kuona kilichoziba maji.

Jua liliwaka vizuri. Kairu hupita katika bonde jembamba, na vijito vingine huteremka kutoka migongo ya pande zote mbili kuilisha. Walivikagua kimoja kimoja. Mawe matupu. Walipofika kwenye mianzi, ukungu ukashuka. Ngatia, mtu wa porojo, alikuwa kimya tangu lango la msitu.

Mbele yao kulikuwa na kijito ambacho Theuri hakuwahi kukiona. Kilijaa hadi kingo. Hakikuwa na sauti.

Akadondosha jani majini. Jani likazunguka, likaanza kupanda mlima.

"Ngatia, turudi," akanong'ona.

"Hapana. Twende tu."

"Ati twende? Maji gani inapanda?"

"Inaenda nyumbani."

Ngatia akamshika mkono. Baridi ikapenya sweta hadi mfupani. Theuri akatazama chini. Kwenye tope, nyayo zake zilionekana wazi. Za Ngatia hazikuwepo.

Akajivuta. Mkono ukakaza. Akajivuta tena, akimwita Mungu kwa kelele, "Ngai! Ngai!" Ukaachia. Akakimbia. Aliteleza, akaamka, akakimbia. Sauti ya Ngatia ilimwita kwa upole, karibu na sikio, na haikuhema.

Alipotoka msituni jua lilikuwa bado juu. Ngatia alikuwa shambani mwake, ameketi kivulini, amejifunika blanketi.

"Umerudi saa ngapi?" Theuri akauliza.

"Si nilikwambia kwa lango niko na homa? Ukasema sawa, ukaenda peke yako."

Theuri hakukumbuka hata neno moja la hayo.

Baada ya siku chache Kairu ilijaa tena, na mvua haikuwa imenyesha. Theuri hakuzinywesha kabichi. Aliziacha zikauke.

Mkewe, Warigia, alifua ile sweta akaianika juani. Ilikauka yote, isipokuwa alama ya kiganja kwenye mkono wa kushoto, vidole virefu kupita kiasi. Nimeishika mwenyewe. Hapo imelowa mpaka leo.