Saa Iliyovaliwa Kabatini

Séverine alikuwa akipanga mashuka aliposikia kabati likigonga. Tik, tik, tik. Sauti ndogo, kama ukucha juu ya sahani.

Alifungua sefu iliyokuwa chini ya mablanketi. Saa ilikuwa inatembea.

Saa ile haikuwa na betri. Ilijijaza kwa mwendo wa mkono wa mvaaji, na ikivuliwa, siku ya tatu imelala. Kila mtoto wa La Chaux-de-Fonds, mji wa watengeneza saa, analijua hilo. Nayo ilikuwa na wiki sita ndani ya sefu, haijavaliwa, imebandikwa nailoni yake ya kiwandani mbele na nyuma. Yeye na mumewe waliinunua kwa pesa za nyumba ya marehemu mama yake Séverine. Itunzwe miaka ishirini, ipande bei, binti yao Anouk apate pa kuanzia maisha. Anouk alikuwa na miaka mitatu.

Saa ilikuwa na joto.

"Umelitikisa kabati tu," alisema mumewe, Yannick, wakila chakula cha mchana. Yannick alikuwa mpiga msasa kwenye kiwanda cha saa. "Hukuigusa nailoni?"

"Sijaigusa."

"Vizuri. Nailoni ikitoka, na bei imetoka."

Hakumtazama usoni. Séverine aliliona hilo, akalipuuza, kwa sababu alikuwa mumewe.

Siku ya Alhamisi ilianza harufu: koti la sufi lililolowa theluji, na chini yake jasho la mzee. Ijumaa alikuta unywele mweupe umenaswa kwenye mkanda wa saa. Jumamosi Anouk alikuwa mezani akichora kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameulaza mapajani kama kitu cha kuazima.

"Mbona huutumii huo, kipenzi?"

"Huu wa babu."

"Babu gani?"

"Wa kabatini. Ananivalisha saa. Anasema mkono wangu mdogo, lakini utakua."

Séverine akampandisha mtoto mkono wa sweta, na pale kwenye kifundo akaona mstari wa ngozi iliyopauka, kama ule unaobaki kwa mkulima anapovua saa baada ya kiangazi kizima, ingawa ilikuwa Februari, ingawa mtoto hajawahi kufungwa hata uzi, na ngozi ile ilikuwa baridi kama kioo cha dirisha, na nyuma yake, chumbani kusikokuwa na mtu, mlango wa kabati ukalia taratibu, na ile tik, tik ikaanza kuja koridoni, kwa mwendo wa mtu anayeburuta miguu.

Alimbeba mtoto, akajifungia naye jikoni, akampigia simu Madamu Aubry, mama mfuga farasi kule milimani, mwenye "siri", maombi ya kuponya kwa mbali. Watu humpigia wakiungua au damu ikikataa kukata. Halipwi. Haombi kukuona. Anataka jina kamili na siku ya kuzaliwa.

"Samahani kwa kukusumbua, Madamu," alinong'ona Séverine.

"Sema jina, mwanangu."

Alilitaja la Anouk, na siku yake ya kuzaliwa. Upande wa pili farasi walikuwa wakikoroma. Wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Ni mzee aliyekwisha kufa," alisema Madamu Aubry. "Aliinunua hiyo saa akaiweka miaka arobaini. Hakuivaa hata siku moja. Sasa anataka kuivaa, na hana mkono."

"Mfukuze, nakuomba."

"Siwezi. Hakuiba. Anasema alipewa huo wa mtoto, kwa jina. Baba yake ndiye aliyempa."

Séverine alikaa chini sakafuni.

"Atakubali mkono mwingine, wa baba au wa mama," alisema Madamu. "Lakini leo, kabla jua halijazama."

Yannick aliporudi, Séverine alimfungulia mlango wa jikoni; aliingia na mkate kwapani, theluji viatuni.

"Ulimpa mzee mkono wa Anouk?"

Rangi ikamtoka. "Nani kakwambia?"

"Ulimpa?"

"Ni maneno tu! Blaise, yule muuza saa, aliponiuzia alisema mzee hatulii mpaka aahidiwe mkono, ndiyo maana bei ilikuwa nafuu. Tulicheka, Séverine. Nikasema basi, wa binti yangu, kwani si itakuwa yake? Nilidhani atasubiri mtoto akue."

"Kwa nini hukusema wako?"

Aliitia mikono mifukoni. "Mkono wangu ndio kazi yangu."

"Basi ivae sasa."

Alikwenda hadi kwenye sefu, ambamo saa ilikuwa bado inapiga. Alinyoosha mkono. "Lakini tukiitoa nailoni..." alisema. Akarudi nyuma. "Ngoja nimwone Blaise." Alishuka ngazi mbiombio, bila kumtazama mtoto.

Séverine aliibandua nailoni mwenyewe, akaivaa saa mkono wa kushoto. Kitu kizee kikamwingia vidoleni, kimoja kimoja, kama mkono unaoingia kwenye glovu.

"Mama," alisema Anouk, "mkono wangu umepata joto."

Taa za mtaani zilikuwa zimeshawaka Yannick aliporudi, uso umechangamka.

"Blaise anainunua tena, mke wangu! Leo hii! Nailoni ipo?"

Séverine alikuwa na maneno yake tayari. Alikuwa ameyapanga kwa saa mbili nzima. Lakini mkono wa kushoto ukatangulia. Uliinuka wenyewe kutoka mezani, ukamshika Yannick kooni, taratibu, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusubiri.

Kwa mkono wa kulia, uliokuwa bado wake, Séverine alimfunika Anouk macho.