Gari Lililokosa Sailensi

Usigeuze uso, nakusema wewe. Sauti ile ya sekunde ishirini iliingia kwenye kundi lenu la wasapu, mwanamke anaitwa mwizi, ukacheka, ukaipitisha, ukaendelea na chai yako. Mimi sijasahau. Basi sikiliza na kilichotangulia.

Sabaha ni fundi umeme wa magari, stendi ya Nachingwea. Ovaroli ya bluu, ushungi wa zambarau, oili mpaka viwikoni. Kwa sababu ya oili hiyo hashiki simu. Anaitegesha juu ya boksi la spana na kupokea kwa spika. Msimu wa ufuta uliopita, stendi imefurika magunia, Imrani, dereva wa Noah ya abiria iendayo Ruangwa, alijikwaa kwenye miguu iliyochomoza chini ya gari.

"Samahani, kaka fundi."

"Kaka ni wewe," sauti ikajibu kutoka chini.

Alipojitokeza, Imrani akasahau abiria wake. Tangu hapo mapenzi yao yakawa ya stendi nzima, maana simu ilikuwa spikani:

"Fundi wa moyo wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi lako, dereva. Tazama barabara."

"Shemeji, na sisi tusalimie!" wapiga debe walipiga kelele.

Juzi Jumanne ekzosi ya Noah ilikatika. Kabla ya kuichomelea, Sabaha alitoa waya wa betri, mitambo ya umeme isiungue. Alipomaliza akaurudisha.

"Liwashe, uliache lingurume robo saa. Zima AC, zima redio, usikanyage mafuta. Betri ikitolewa, gari linasahau..."

"Laazizi, abiria wananuna." Akabusu vidole vyake, akampungia, huyoo.

Saa mbili baadaye simu ikalia. Sabaha akatabasamu, akabonyeza kwa kifundo cha kidole.

"Umelifanya nini gari langu? Nikisimama tu linatetemeka kama lina homa, linazima! Fundi Swalehe hapa Ruangwa anasema umebadilisha kontroli boksi. Umeniibia, Sabaha. Mimi!"

Spana ilimtoka mkononi. Mpiga debe mmoja alikwishainua simu yake, anarekodi. Mama aliyekuwa anasubiri kutengenezewa taa akachukua ufunguo wake taratibu, akaondoka bila kumtazama.

Sabaha alipanda bodaboda hadi Ruangwa, ovaroli ikageuka nyekundu kwa vumbi. Njia nzima neno lile moja kichwani: umeniibia. Lingesemwa na mtu baki angemtukana, likaisha. Lakini Imrani? Anayejua hata jina la bibi yake?

Noah aliikuta imesimama, abiria wamekaa kivulini.

"Sabaha, mpenzi, mimi nili..."

"Usiniite. Zima AC. Redio. Taa. Washa, toa mguu."

"Linazima hivyo!"

"Likizima, washa tena."

Likawaka linatetemeka, mshale wa mizunguko ya injini unapanda unashuka. Swalehe akacheka. "Dada, gari halifundishwi."

"Hili linafundishwa. Kontroli boksi ndilo linalokumbuka injini ipewe hewa kiasi gani ikiwa imetulia. Ukitoa betri linasahau. Ndiyo maana gari halina sailensi, ule mngurumo wa kutulia bila kukanyaga mafuta. Na boksi ni lilelile, Imrani. Chungulia nyuma ya dashibodi. Alama ya rangi ya kucha niliipaka mimi, mwezi wa Ramadhani, nilipolikausha maji ya mvua."

Imrani akachungulia. Alama ilikuwa palepale.

Dakika ya kumi mshale ukatulia. Ya kumi na tano Sabaha akawasha AC. Injini ikashtuka, ikajishika. Abiria mmoja akaweka kikombe cha chai juu ya dashibodi. Hata tone halikumwagika. Swalehe akajifanya anatafuta bisibisi.

"Nisamehe," Imrani akanong'ona.

"Ulinitukana kwa spika, unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Jioni, stendi ya Nachingwea, Imrani aliazima kipaza sauti cha wapiga debe. "Mimi Imrani wa Mandawa nilimwita Sabaha mwizi. Hakuiba! Aliniambia nisubiri robo saa, sikusubiri. Nikamwamini mtu baki kuliko mwenzangu." Akamgeukia. "Sabaha, nataka kukuoa."

Vigelegele. Simu iliyorekodi ile ya kwanza, na zilizoisambaza, zilikuwa mifukoni. Hii hakuna aliyeirekodi.

Sabaha hakucheka. "Posa ipeleke Mkotokuyana kwa baba. Ila baba naye ana simu, Imrani. Sauti ile ikimfikia kabla yako, mlango utaukuta umefungwa. Na mimi sitaufungua."

Imrani anakwenda Ijumaa. Leo Alhamisi. Sauti imeshapita kijiji cha Narung'ombe, bado inatembea, na mguu mmoja iliotembelea ni wako. Basi toa simu. Rudi kwenye makundi yaleyale, useme kwa mdomo wako mwenyewe: Sabaha si mwizi. Usimalize chai kwanza. Sasa hivi.