Filamu Bubu na Sauti ya Chiriku

Ilikuwa safari ya balbu tu. Projekta yangu ilikuwa imeungua balbu, jua linazama, na watazamaji wangu wangeanza kufika muda si mrefu. Nikafunga ukumbi, nikakimbilia mtaa wa nyuma kwa fundi wa redio na televisheni. Fundi yule hana haraka na dunia. Ukimpelekea redio ukiwa na mimba, utaifuata ukiwa na mjukuu. Jioni ile, ajabu, balbu alikuwa nayo tayari, na juu ya balbu akaniwekea diski isiyo na maandishi yoyote.

“Wewe si mtu wa filamu za zamani?” aliniuliza. “Chukua na hii. Niliinakili kutoka kwenye mkanda wa mteja. Hajarudi kuufuata.”

Nikaitia kwenye mkoba bila kuuliza. Filamu ya bure, nani anaikataa?

Kazi yangu ni ukalimani wa filamu. Nakaa pembeni ya ukuta mweupe na maikrofoni, picha zinapita, nami nasema kwa lugha yetu yale wanayoyasema watu wa kwenye picha. Mabanda mengine ya mtaani yanaonyesha ngumi na risasi. Mimi nilichagua filamu kongwe, zile zilizosahauliwa, za nchi ambazo mimi na wewe hatutazikanyaga. Watu walinicheka. Waliuliza nani atatoa hela yake amtazame bibi akimenya viazi nusu saa nzima. Walikuja hata hivyo, wachache, na wachache wale wakarudi. Filamu ikiisha tunawasha taa, tunageuza viti tutazamane, tunabishana. Mshonaji hutazama nguo. Kinyozi hutazama nywele. Mwalimu mstaafu wa jiografia hutazama miti na vivuli ili atuambie ni nchi gani, na huwa anakosea kwa kujiamini kabisa. Niliupenda ubishi ule kuliko kitu chochote maishani mwangu, na labda hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Lugha nyingi za filamu hizo sizijui, nisiwadanganye. Natazama nyuso, nabuni. Kila mhusika namwazima sauti ya mtu ninayemjua: tajiri nampa ya mwenye nyumba wangu, mlevi nampa ya mlinzi wa soko. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Kulikuwa na sauti moja tu nisiyoigusa. Ya mdogo wangu.

Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu utotoni haishiwi maneno. Sauti zilipogawiwa, mimi nilipata hii ya kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa na mchanga, yeye akapata ile tamu. Ndiye aliyekuwa akitangaza mabasi pale stendi. Kuna mzee mmoja alikuwa akija kuketi stendi kila siku na hakuwa na safari, alikuja kumsikiliza tu. Redio nayo ilimsikia Chiriku, ikamwita aende kujaribiwa wiki ile. Nyumbani tunaishi wawili tu tangu mama atutoke, na wiki ile nyumba nzima ilikuwa redio, redio, redio. Nilimfurahia kwa moyo wote. Nilimwonea na wivu. Vyote viwili vilikaa kifua kimoja, tena bila kugombana.

Jioni ile, kwa vile nilikuwa nimechelewa, niliweka diski ya fundi bila kuitazama kwanza. Ilikuwa filamu bubu, haina sauti wala maandishi. Chumba kimoja tu. Mwanamke ameketi mbele ya kioo, ametupa mgongo, anachana nywele. Uso wake tunauona kiooni. Midomo inacheza... inacheza... anaongea na mtu tusiyemwona.

Ukumbi mzima ukasubiri nimpe sauti. Ningeweza kumpa ya yeyote. Ya jirani, ya muuza mkaa, ya marehemu mama. Nilimpa ya Chiriku. Najua kumwiga mpaka pumzi, tumelala kitanda kimoja miaka yote ya utoto. Na nataka mjue kwamba sikuteleza. Nilitaka, walau jioni moja, niketi gizani watu waniyeyukie mimi kama wanavyomyeyukia yeye.

Wakayeyuka kweli. Hakuna aliyekohoa mpaka mwisho.

Taa zilipowaka, ubishi haukuanza kama kawaida. Mshonaji alikunja uso akasema gauni lile halina pa kuingilia: halina kifungo, halina zipu, shingo imebana. Alisema limeshonwa mtu akiwa ndani. Kinyozi akasema kitana kinapita lakini nywele hazisogei. Tukamgeukia mwalimu atupe nchi. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akasema hana nchi ya kutupa, kwa sababu chumba kile hakina kivuli hata kimoja. Hapo ndipo niliposikia harufu. Harufu ya utambi wa taa uliozimwa sasa hivi. Na ukumbini kwangu tunatumia umeme.

Nyumbani nilimkuta Chiriku jikoni anachemsha maji. Alipogeuka kunisalimu, sauti ilimtoka imechanika katikati.

“Dada,” alisema, akicheka, “leo nimekuwa kama wewe.”

Nikacheka naye. Nikamkamulia ndimu, nikamfunika blanketi, nikamwambia ni vumbi la stendi. Moyoni kuna kitu kiliniambia si vumbi. Nikakinyamazisha.

Kesho yake mshonaji alileta binamu zake. Kinyozi alileta wateja wake, mmoja amenyolewa upande mmoja tu. Kwa mara ya kwanza tangu nifungue ukumbi, watu walisimama ukutani kwa kukosa viti. Wote walitaka yule mwanamke wa kiooni. Nilikuwa nimemwacha Chiriku kitandani, ananong'ona, na kesho yake ndiyo siku ya redio. Nilisimama na ile diski mkononi. Nilikuwa na filamu nyingine tele za kuwaonyesha. Nilijua. Usiseme sikujua, nilijua kwa ile njia ya mtu anayejua lakini hataki kuambiwa. Nikautazama ukumbi uliojaa, nikaiweka.

Nikaanza kusema kwa sauti ya mdogo wangu. Jana midomo ya mwanamke ilikuwa ikienda huku na maneno yangu kule. Leo nilitamka neno, na midomo ikalitamka. Nikatamka jingine, ikalitamka. Watu wakaguna kwa raha. Kisha...

Midomo ikaanza kunitangulia.

Alikuwa anasema kabla yangu, nami ndiye ninayemfuata. Nikaweka maikrofoni chini, mezani, taratibu. Nikaizima.

Sauti ikaendelea.

Sauti ya Chiriku, ileile, nzima, tamu, inajaa ukumbi. Na mdomo wangu ulikuwa umefumba.

Gizani hakuna aliyejua. Walidhani ni mimi. Mwanamke akasimamisha kitana katikati ya nywele. Macho yake kiooni yakahama, yakapita juu ya bega lake, yakapita watu wote, yakatua pembeni nilipokaa.

“Naipenda hii,” alisema. “Ukitaka niirudishe, nipe yako.”

Harufu ya utambi ilinijaa puani. Nilihitaji kusema neno moja tu. Chukua. Neno dogo, hata mtoto analiweza. Mimi ninayelipwa kwa kusema, mimi ninayewasemea hata farasi na vikongwe wa ng'ambo, nilikaa kimya. Nilifikiri juu ya viti vilivyojaa. Nilifikiri nitakuwa nani bila maikrofoni. Nilifikiri mpaka picha ikaisha, na watu wakapiga makofi.

Nyumbani, Chiriku alikuwa ameketi kitandani, amejishika koo. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo.

Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima, halina kidonda, halina uvimbe. Akaandika dawa, kwa sababu daktari lazima aandike kitu. Siku ya redio ikapita. Stendi wakaweka kijana mwingine anayetaja miji kama anayegombana nayo. Chiriku akawa ananiandikia kwenye simu. Aliandika hanilaumu kwa kumwacha peke yake jioni zile, kazi ni kazi. Aliandika kwamba bila mimi angekufa kwa upweke. Nilikuwa nikisoma maneno hayo huku namtazama pembeni.

Nilirudi kwa fundi. Nilimuuliza yule mteja wa mkanda alikuwa nani. Fundi hakuacha kuchomelea redio aliyokuwa nayo. Alisema ni mwanamume wa makamo, bubu, anayeashiria kwa mikono. Alikuja na binti yake, na binti ndiye aliyekuwa msemaji, mchangamfu, anaongea kama cherehani. Binti alimwambia kwamba baba yake zamani alikuwa mkalimani wa filamu.

“Sauti ilimpotelea wapi?” niliuliza.

Fundi akainua kichwa. “Nilimuuliza hivyohivyo. Binti akasema baba hakupoteza. Alimpa mtu.”

Nikamuuliza, basi kama alimpa, mbona mkanda ulikuja kwake ukiwa bubu? Fundi alifikiri kidogo, kama anayefikiria chombo kilichokataa kuwaka.

“Labda sauti huisha,” alisema. “Kama betri.”

Niliondoka nimeshikilia mkoba kifuani. Nilikuwa nimekwenda kwake na nia ya kuivunja ile diski mbele ya macho yake. Sasa ningeivunjaje? Aliyemo humo ni mdogo wangu. Nikaificha chini ya godoro langu, nikawaambia watazamaji imeharibika.

Lakini mtaa hauna siri. Mshonaji alikutana na Chiriku dukani, akamsifu bila nia mbaya: dada yako ametuonyesha filamu moja, mwanamke wake ana sauti yako tupu, utadhani ni wewe. Mchana ule Chiriku alinisogezea simu. Alikuwa ameandika: *Nionyeshe. Nimesahau ninavyosikika.*

Nilitafuta uongo. Nimebuni maneno ya nusu ya dunia, lakini siku ile sikupata hata moja. Nikaitoa chini ya godoro.

Tulikwenda ukumbini wawili tu, jua bado liko juu, nikashusha mapazia. Chiriku akaketi kiti cha mbele, katikati, mikono mapajani. Sikugusa maikrofoni. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu asiyehusika.

Kioo. Kitana. Midomo.

Sauti ilitoka. Ilikuwa imepungua. Ilikuwa sauti ya Chiriku kama anayeongea chumba cha pili, mlango umerudishwa. Yeye hakujali. Mabega yalimtikisika, nikajua analia, kisha nikaona shavu lake limepanda juu, nikajua anacheka pia. Midomo yake ilikuwa inafuata kila neno. Wawili wale, wa ukutani na wa kitini, walisema pamoja, na sauti ilikuwa moja.

Halafu kitana kikasimama.

Macho ya kiooni yakapanda. Hayakunitafuta. Yalijua nilipo.

“Dada,” alisema mwanamke, kwa sauti ya mdogo wangu, kwa upole wa mdogo wangu. “Bado nasubiri. Nipe yako, nimrudishie yake.”

Chiriku aliacha kufuatisha. Kisha akageuka kitini, taratibu, akanitazama.

Afadhali angekasirika. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyonitazama tangu utoto, yeye mdogo, mimi mkubwa, akiwa na hakika kwamba sasa hivi dada atasema jambo na mambo yatakaa sawa. Alisubiri. Mwanamke wa kiooni naye alisubiri. Nilifungua kinywa. Niliweka mkono kooni mwangu, nikaisikia sauti yangu mbovu, ya kukwaruza, ikipapatika mle ndani kama kuku anayejua kisu kiko wapi.

Sikusema.

Picha ikaisha, ukuta ukabaki mweupe. Chiriku akaokota simu yake, akaandika, akainuka akaniletea. Uso wake ulikuwa hauna kitu ninachoweza kukitafsiri.

Alikuwa ameandika: *Iwashe tena.*

Nikaiwasha. Sauti ilikuwa ndogo sana sasa, na ilinibidi nisogee mpaka kiti cha mbele, kando yake, ndipo niisikie.