Njiwa Wanaorudi Mpemba

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata jirani yangu Stumai, hapa hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, na kwa kuwa nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu, niliyaona kwa macho yangu. Nayasimulia taratibu kwa sababu siku hizi sina haraka na chochote.

Mumewe, Athuman, alikuwa dereva wa lori. Mtu wa Tanga, mcheshi, na ugonjwa wake ulikuwa njiwa. Sisi Wanyiha wa Mbozi njiwa tunamjua kama kitoweo. Yeye aliwajengea banda la mbao lenye vyumba, zuri kuliko jiko langu, nami nilimtania sana kwa hilo. Njiwa mgeni alimfungia kwanza ndani ya banda mpaka apajue kwake. "Akishazoea, mama Osea, hata umpeleke wapi atarudi," aliniambia. Kila safari ya Zambia alibeba wawili kwenye tenga, ndani ya kabini, akawaachilia huko Isoka. Wakitua bandani, Stumai alijua mumewe yuko salama, akaanza kuimba jikoni.

Mwezi wa tano lori lilipinduka upande wa Zambia. Athuman aliletwa kwenye sanduku, akazikwa siku hiyo hiyo. Stumai akakaa eda, nguo nyeupe, haruhusiwi kuvuka mlango wa ua mpaka muda wake uishe. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda mbele ya banda akiwatazama njiwa asubuhi mpaka jioni. Shemeji yake, Masudi, alitaka wachinjwe wote, msiba umalizike. Stumai alikataa. Alisema hao ndio waliobaki wanaoujua mkono wa Athuman, na akaniomba kitu kimoja tu, nimsaidie wasipungue.

Ndipo kipanga akaanza kuja. Alikuja mchana, jua likiwa utosini.

Tulifanya kila kinachofanywa. Tulitandaza chandarua juu ya ua. Tulitundika sidii mbovu zimulike machoni mwake. Njiwa weupe tuliwapaka rangi ya zambarau, kama tunavyowapaka vifaranga, maana ndege wa aina ile huogopa asichokizoea. Kipanga alipenya pembeni ya chandarua, akambeba mmoja wa zambarau, akamlia juu ya ukuta wangu. Niliokota manyoya na mguu mmoja wenye pete ya shaba, aliyovishwa na Athuman mwenyewe. Nikaufukia nyuma ya jiko.

Kesho yake alasiri yule njiwa alirudi.

Alitokea upande wa Zambia. Rangi yake ya zambarau, miguu yote miwili, pete yake. Nilikwenda nyuma ya jiko nikafukua. Mguu ulikuwepo. Pete pia ilikuwepo.

Hakula mtama. Hakunywa maji. Hakutoa sauti. Wenzake walijibana kona ya mbali, wakamwachia chumba kizima. Nilimshika, na alikuwa wa baridi na mwepesi, kama nimeshika manyoya matupu. Nilimnong'oneza Stumai tumwite shehe, au mchungaji wangu, yeyote atakayekubali kuja. Akanijibu bila kugeuka.

"Amerudi, mama Osea. Si amerudi?"

Kipanga aliendelea kuchukua. Kila aliyechukuliwa alirudi alasiri ya pili, kimya, akaingia bandani. Mngetegemea niseme nilitetemeka. Sikutetemeka. Msiba ulikuwa umenichosha kiasi kwamba hata hofu ilikosa pa kukaa, nami niliwatazama wale njiwa kama mtu anavyotazama mvua. Mwishowe hakubaki hata mmoja ambaye hakuwahi kuchukuliwa. Banda lilijaa na halikuwa na mlio.

Siku moja mchana nilimkuta Stumai anakata kamba za chandarua. Alikata moja baada ya nyingine, bila haraka, akakikunja vizuri. Nikamuuliza anafanya nini. Alisogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini sana.

"Huyu ndege anapajua wanakokwenda. Anipeleke, nikamchukue Athuman."

Nilimshika mkono. Nilimwambia yuko ndani ya eda, hapaswi kwenda popote. Nilimwambia mtu si njiwa. Nilimwambia pia kwamba nampenda, na ni kweli, nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa. Nami nikaamini. Nilikuwa nimebandika maharage jikoni kwake, nikaenda kuyaongeza maji.

Kivuli kilipita juu ya bati. Kilikuwa kikubwa.

Niliporudi, kigoda kilikuwa kitupu. Komeo la mlango wa ua lilikuwa limefungwa, kwa ndani. Ushungi wake mweupe ulikuwa juu ya paa la banda. Njiwa wote walikuwa wamegeuka kutazama upande mmoja.

Masudi alimtafuta Tunduma yote, akavuka mpaka hadi Nakonde. Watu walisema huzuni imemkimbiza, wajane wa namna hiyo wapo. Nilijua tu itakuwa alasiri ya pili, nikaweka mkeka uani, nikangoja.

Alirudi alasiri ya pili.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa mpaka. Peku. Nyayo zake zilikuwa safi. Masudi alimshukuru Mungu akalia mbele za watu, na wanawake wakakoroga uji. Stumai alishika kikombe mpaka uji ukafunga utando, kisha akakiweka chini.

Mimi ndiye niliyembadilisha nguo. Gauni lake lilikuwa limetoboka mabegani, matundu manne kila upande. Ngozi chini yake ilikuwa imetoboka vilevile. Hapakuwa na damu. Nilimuuliza taratibu, wanawake wasisikie, kama amemwona.

"Nimemwona."

"Mbona hamkuja wote?"

Macho yake yalikuwa ukutani. Hayakupepesa.

"Walimfungia kwanza," akasema. "Sasa ameshazoea kule."

Nililia kwa ajili yake, maana yeye hakulia. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, na kwa mtu yeyote. Eda yake imekwisha zamani, lakini bado anakaa kwenye kigoda, na mimi huenda kila mchana kumhudumia. Gauni nililishona. Matundu ya ngozi mabegani mwake yako wazi mpaka leo, na nikimwogesha, maji huingia humo na hayatoki.